Talaka ya wazazi wako haikuondolei thamani yako mbele ya Mungu

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini tangu wazazi wako waachane unajiona mtu pungufu na swala zako unaziona hazipokelewi, tena sasa kuna watu wanaotaka kuja kukuposa. Nakujibu kama mtu aliyelelewa Ngamiani, Tanga, kwa mama, huku baba akiishi Muheza na mke mwingine.

Kilichoniumiza zaidi ni maneno niliyokuwa nikiyasikia kwenye mawaidha, kwamba talaka ikitoka, Arshi ya Mwenyezi Mungu, yaani kiti Chake cha enzi, hutikisika. Kwa akili ya ujana nikaona kwamba mimi ndiye niliyebaki kuwa ushahidi wa ghadhabu hiyo, nikawa naswali safu ya nyuma karibu na mlango, kama mgeni asiyealikwa. Baadaye mwalimu wangu wa madrasa alinieleza kwamba Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1201, aliihesabu riwaya hiyo kuwa miongoni mwa hadithi za kuzushwa, yaani maneno aliyosingiziwa Mtume. Kisha akanifungulia Suratul An'am, aya ya 164, isemayo kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na Suratul Baqara, aya ya 233, ambayo katikati ya hukumu za talaka inakataza mama kutiwa taabuni kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Nawasihi wanaotoa mawaidha wawasomee vijana aya hizi, kwa sababu mtoto wa walioachana huwa amekaa pale pale anasikiliza.

Kuhusu kujiona pungufu, nakuelewa. Kwa baba nililala mkekani sebuleni, na nguo zangu zilikaa kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango, ingawa mama wa kambo hakuwahi kunitolea neno baya. Swala ndiyo iliyonipa mahali pangu, kwa kuwa Ngamiani na Muheza kibla ni kule kule kaskazini, na hapakuwa na nyumba ambayo nilihitaji kuomba ruhusa ya kusujudu.

Juu ya posa, usiogope wakiuliza kama wazazi wako wako pamoja. Wajibu kwa ukweli, kisha waelekeze kwa baba yako, maana talaka ilivunja ndoa yake na mama yako tu. Kwako wewe yeye bado ni walii, yaani msimamizi wako wa ndoa. Mama naye aulizwe mapema, kabla barua ya posa haijapokelewa.