Kabla hujamwalika mheshimiwa kanisani

Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi katika kigango chetu, kanisa dogo la Kikatoliki, kwa miaka minane sasa, na kama kuna kazi ya kumnyima mtu usingizi, ni hiyo. Kigango chenyewe kiko mashambani, huku Bonde la Ufa. Padre hutufikia mara mbili kwa mwezi, Jumapili nyingine katekista huongoza ibada. Kwenye daftari tuna familia themanini na nne. Kwenye mabenchi huwa kama hamsini, na mvua ikinyesha, thelathini. Haya nawaandikia wenzangu mlio kwenye kamati kama hii, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, maana uchaguzi wa 2027 umeanza kunukia na simu zimeanza kulia.

Mapema mwaka 2022 paa letu lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba jua la saa nne lilichora madoadoa kwenye kitambaa cha altare. Tukaketi kikao. Mtu akasema, tumwiteni mheshimiwa, mbunge wetu. Hakuna aliyepinga, na mimi ndiye niliyempigia msaidizi wake simu. Kwa hiyo leo nikisema wanasiasa walitununua nitakuwa mwongo. Bidhaa tuliipeleka sokoni wenyewe.

Alikuja akiwa amechelewa dakika hamsini, na padre akamsubiri. Watoto wa PMC, chama cha kimisionari cha watoto Wakatoliki, waliokuwa wamefanya mazoezi wiki tatu ili waimbe wimbo wa matoleo, waliambiwa wataimba siku nyingine kwa sababu muda umeenda. Benchi la mbele, ambalo hukaliwa na wazee wetu kwa kuwa masikio yao hayafiki mbali, likafunikwa kitambaa cheupe. Baada ya komunyo akapewa maikrofoni. Alizungumza dakika arobaini: kumi za mabati, thelathini za wapinzani wake. Akatoa shilingi laki mbili taslimu, akaahidi mabati mia moja na sitini. Tukapiga makofi hadi viganja vikauma. Mabati mia moja yalifika mwezi uliofuata. Sitini yaliyobaki yakabaki njiani.

Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unaonya juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayeingia katika kusanyiko na kuonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, huku maskini akiambiwa asimame kule. Nimeusikia ukisomwa tangu utotoni. Siku ile kitambaa cheupe nilikitandika mimi kwa mikono yangu, na sikukumbuka neno hata moja.

Lakini kitambaa ni jambo dogo. Bei yenyewe niliijua miaka miwili baadaye.

Juni 2024 hakuna Mkenya aliyeisahau. Jumanne tarehe 25 wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia bungeni, risasi zikalia, watu wakafa. Kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na kijana chuoni Nairobi. Jumanne ile kijana huyo alipigwa risasi ya paja. Jumatano mama huyo alipanda matatu ya kwanza akiwa na kanga mbili na chupa ya uji.

Jumamosi jioni msomaji wetu alinitumia maombi ya waumini kwa WhatsApp, kama kawaida yake, nipitishe macho. La tatu lilikuwa la kuwaombea vijana waliouawa na kujeruhiwa, "hasa mtoto wetu aliyelazwa Nairobi", na kuwaombea waliopiga kura bungeni wasikie kilio cha wananchi. Sasa, mheshimiwa wetu alikuwa mmoja wa wale 195. Na wiki hiyohiyo msaidizi wake alikuwa ameniambia kwamba yale mabati sitini hatimaye yamepatikana. Nilikaa na simu mkononi kama dakika tano hivi. Kisha nikaandika: "La tatu litoe. Tuombee amani kwa jumla."

Injili ya Jumapili hiyo, tarehe 30 Juni, ilitoka Marko sura ya tano. Yairo, mkuu wa sinagogi, mtu mwenye cheo chake, anajitupa miguuni pa Yesu mbele ya umati na kumsihi sana kwa ajili ya binti yake aliye mahututi. Mzazi analilia mtoto wake hadharani, na Yesu anaacha alichokuwa akifanya, anaandamana naye. Mama wa yule kijana alikuwa amerudi usiku wa kuamkia siku hiyo kutafuta pesa za hospitali, na alikuwa benchi la sita. Katekista akafundisha. Yakafika maombi. Tukaombea amani kwa jumla, wagonjwa kwa jumla, viongozi kwa jumla. Mama akaitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie" pamoja na wengine. Mimi niliangalia juu, kwenye mabati mapya.

Ilinichukua wiki mbili kwenda nyumbani kwake. Kijijini siri haina mlango, alikuwa ameshajua. Akanimiminia chai, akaketi, akaniuliza bila hasira yoyote: "Mwenyekiti, yamebaki mabati mangapi?" Nikamwambia sitini. Akatikisa kichwa, akaanza kunieleza habari za ng'ombe wake anayekaribia kuzaa.

Basi ushauri wangu ni huu. Mtu akitaka kutoa pesa nyingi kwa mpigo kwa kanisa lenu, kabla hamjaulizana ni kiasi gani, ulizaneni swali hili kikaoni kwa sauti: tukizipokea, ni sala gani tutashindwa kuisali? Katibu aandike majibu kwenye kumbukumbu za mkutano. Mkiona jibu ni "hakuna", pokeeni na mshukuru. Mkiona watu wanatazamana, jibu mmeshalipata. Sisi hatukuuliza. Tulipiga hesabu ya misumari, mbao na fundi, tukasahau kuhesabu midomo yetu.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kigango kidogo, makanisa makubwa yana taratibu zake. Nadhani wakubwa hujaribiwa zaidi yetu. Novemba 2024 ilinifundisha hilo. Jumapili ya tarehe 10 Injili ilikuwa ya mjane maskini, yule wa senti mbili, na ukiisoma vizuri utaona Yesu alikuwa amekaa kuelekea sanduku la hazina akitazama jinsi watu wanavyotoa. Alikuwa akitazama! Wengi wetu hudhani sadaka ni siri ya mtu na mfuko wake. Wiki moja baadaye, tarehe 17, Rais Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Akatoa shilingi milioni mbili za nyumba ya mapadre na laki sita za kwaya na watoto wa PMC, akaahidi milioni tatu zaidi, na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatoa tamko: pesa zirudishwe kwa mwenyewe, na ahadi hazipokelewi. Na tukumbuke kwamba Julai mwaka huohuo rais mwenyewe alikuwa ametangaza kuwa maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikaona haya. Askofu mkuu alirudisha mamilioni na basi ndani ya siku moja. Mimi nilishindwa kumruhusu msomaji asome sentensi mbili kwa ajili ya mabati ambayo hata hayakuwa yamefika.

Waanglikana walilikabili jambo hili mapema kuliko sisi. Septemba 2021, Butere, siku Rose Okeno alipowekwa kuwa askofu wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi katika kanisa lao hapa Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema wanasiasa wakaribishwe kusali kama waumini wengine, ila mimbari si yao. Naipenda njia hiyo kwa sababu haimfukuzi mtu. Mbunge naye ni Mkristo, ana dhambi zake na ana mama yake mgonjwa, anahitaji benchi kama mimi. Tena tuwe waungwana: sisi wananchi ndio tuliowafanya waheshimiwa kuwa mashine ya kutolea pesa. Matanga tunamwita, karo tunamwita, harusi tunamwita. Halafu tunashangaa akitafuta mahali pa kuzirudishia.

Na harambee yenyewe haikuanza hivyo. Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, ilikuwa sauti ya watu wengi kuvuta mzigo pamoja, na shule nyingi vijijini zilijengwa kwa njia hiyo, huyu na mbuzi, yule na siku tatu za kuchimba msingi. Siku hizi mmoja anavuta, sisi tunarekodi kwa simu.

Haya, mambo ya vitendo. Sharti la kwanza: pesa zote zipitie kwenye akaunti ya kanisa, paybill (nambari ya kulipia kwa simu) ileile ya kila mtu, pasiwe na bahasha mbele ya altare wala kutajwa kiasi. La pili: anayetoa hapewi maikrofoni siku hiyo, awe mbunge au mwenye duka la mbolea. Masharti hayo mwambieni mgeni kwa simu siku kadhaa kabla hajaja, kwa heshima, na anayempigia awe mtu mzima mwenye sauti ya upole. Msingoje aketi mbele ndipo mumpe karatasi, mtamwaibisha, na mtu aliyeaibishwa hasikii Injili. Ipeni kamati nafasi ya kubishana pia. Kwetu wawili walijiuzulu, mmoja akisema kwamba mimi mwenyekiti nimekuwa mtakatifu kwa mabati ya wenzangu. Hakukosea sana.

Kuhusu lile paa, tulimaliza wenyewe. Kila familia inayoweza ilitoa shilingi mia kwa wiki. Kwenye karatasi ilikuwa 8,400. Mkononi zilifika kama 4,500, na mwezi wa Januari, karo za shule zilipotupiga, zilifika 1,900. Bati moja la geji 30 lilikuwa likizidi shilingi elfu moja, bila kutaja mbao. Kilichotuokoa ni mnada wa Jumapili. Akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, walikuwa wakileta ndizi, mayai, maboga, na baada ya ibada tunauza papo hapo nje. Kuna jogoo mmoja aliyeuzwa mara tatu asubuhi moja, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, hadi mzee mmoja asiye na mchezo alipomlipia mia nane akaondoka naye mbio. Ilituchukua miezi saba. Mabati ya mheshimiwa ni ya bluu, yetu ni ya rangi ya maziwa, kwa kuwa bluu ilikuwa imeisha dukani. Paa linaonekana kama shati lenye kiraka kikubwa. Padre alipoliona alicheka, halafu akalibariki.

Maombi ya waumini siku hizi siletewi tena. Niliomba hivyo mwenyewe.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mchangamfu anayemfanyia kazi mwaniaji mmoja wa kiti. Amesikia kwamba tunataka kujenga darasa la katekesi, na bosi wake angependa "kutushika mkono" Jumapili tutakayoichagua sisi. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba ibada yetu huanza saa tatu, kwamba bosi wake anakaribishwa sana, na kwamba benchi la mbele lina wenyewe. Kisha nikamtumia nambari ya paybill. Kila Jumatatu mweka hazina hunipa taarifa ya akaunti. Wiki hii zimeingia 5,250, na nyingi ni za mia mia.