Vuta kabati mbali na ukuta kabla mvua hazijaanza

Nyumba ninayopanga Bwiru imeegemea mwamba. Mawe yetu ya Mwanza nayapenda, ila jiwe lililo nyuma ya chumba cha kulala lina tabia yake. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka kwenye nyufa, yakazama udongoni, na msingi ukayanywa taratibu. Mvua ikikatika, ukuta wangu hubaki wa baridi kama mtungi kwa siku kadhaa.

Sikulijua hilo mpaka masika moja nilipotoa koti la suti la marehemu baba, nikalivae kwenye harusi. Bega lililoelekea ukutani lilikuwa na unga wa kijani. Nilipolipangusa, kiganja kikanuka udongo wa kisimani. Nililia, sifichi. Na ndani ya kabati nilikuwa nimejaza vipira vya nafthalini! Vile hufukuza nondo tu, ukungu hauvijali.

Fundi niliyemwita hakugusa hata nguo. Alivuta kabati, akanionyesha hadibodi ya mgongoni ilivyovimba, akasema, "Dada, kabati lako linalala kwenye jasho la ukuta."

Kisha akanifundisha kipimo ambacho nawasihi mkijaribu leo. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakijitokeza upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe. Yakikaa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumbani. Kwangu yalikuwa ndani, tena mengi. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokubali kuchimba mfereji nyuma, maji yapite pembeni.

Kabati nimelisogeza vidole vinne kutoka ukutani, nikaliinua juu ya vipande vya mbao, na hadibodi ikatobolewa matundu juu na chini ili hewa ipite. Kama una uwezo wa kufanya jambo moja tu, fanya hili.

Mkaa ndani ya bakuli unasaidia kidogo, lakini naona unasifiwa kupita kiasi. Usipouanika juani mara kwa mara unashiba na kuacha kufyonza. Muhimu zaidi ni nguo unazoziingiza. Shika kola na mkanda wa suruali kabla ya kukunja, maana hapo ndipo unyevu hujificha wakati kitambaa kingine kimeshakauka. Iliyotoka kwenye pasi iache ipoe kwanza. Milango ya kabati mimi hufungua mchana, jua likiwaka na upepo wa ziwani ukivuma, nafunga mvua ikianza.

Ukungu ukishaingia, toa nguo nje uzipige brashi huko, pua na mdomo vimefunikwa, na mwenye pumu akae mbali. Mbao zipanguse kwa siki nyeupe, ziachwe zikauke kabisa. Tafadhali, usichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Koti la baba nililipiga brashi, nikaliosha, nikalianika penye upepo. Begani limebaki baka hafifu. Sasa linaning'inia upande wa mlangoni, nguo zikiwa zimeachiana nafasi, na kila Jumamosi nalitoa nje nikalinusa bega.