RAID Itakuokoa na Diski Iliyokufa, Haitakuokoa na Mkono wa Mtu

RAID ni diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikifa data zisipotee. Mteja akiniambia "data zetu ziko salama, tuna RAID", namuuliza: mtu akifuta folda ya mishahara saa nne asubuhi, saa nne na dakika moja mtaitoa wapi? Mara nyingi hakuna jibu. RAID ikiletewa amri ya kufuta, inafuta kwenye diski zote papo hapo. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia navyo haivijui; kwake ni kazi ya kuandika kama nyingine.

David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika makala yao ya 1988, hoja ilikuwa kutumia diski nyingi za bei nafuu badala ya moja kubwa ya ghali, pamoja na ziada ya kuziba pengo moja ikifa. Mengine tumeyabebesha sisi.

Ofisi ndogo hupenda RAID 5 kwa kuwa inakula nafasi ya diski moja tu. Hesabu yake ni rahisi. Diski ya kwanza ina 7, ya pili 5, ya tatu inatunza jumla, 12. Ya pili ikifa, 12 toa 7, unapata 5. (Kompyuta hutumia XOR, hesabu ya kulinganisha biti, na hizo jumla husambazwa kwenye diski zote, ila mantiki ni hiyo hiyo.) Kumbuka lakini kwamba ili 5 irudi, 7 na 12 lazima zisomeke zote. Kwenye seva ya diski nne za terabaiti 8, ikifa moja, utasoma terabaiti 24 kujaza diski mpya. Karatasi za maelezo za diski nyingi za kawaida hutaja kosa moja la kusoma kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani kama terabaiti 12.5. Kwa kawaida diski hufanya vizuri kuliko karatasi yake, lakini sioni sababu ya kubahatisha na vitabu vya hesabu vya mtu. Halafu zilizobaki zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zimechoka pamoja, na sasa unazikimbiza nusu siku au zaidi bila kupumzika. Kwa diski kubwa weka RAID 6, inayostahimili vifo viwili, au diski pacha za RAID 1.

Kinachoua seva nyingi si hesabu, ni kutokujua. Diski moja imekufa tangu Machi, taa inawaka kwenye chumba ambacho ufunguo anao mtu mmoja, na kila kitu kinafanya kazi mpaka ya pili inapofuata. Washa taarifa za barua pepe, kisha zijaribu kweli. Kwenye Linux, mdadm, programu ya kusimamia RAID, ina amri ya kutuma ujumbe wa majaribio. Panga pia diski zisomwe zote mara kwa mara ili sehemu mbovu zijulikane mapema. Debian, aina mojawapo ya Linux, hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Na tafadhali, bandika namba ya diski mbele ya kila trei. Fundi aliyechomoa diski nzuri akaiacha ile mbovu ndani si hadithi ya kuchekesha, hasa kwenye RAID 5.

Umeme: UPS, betri ya kushika seva umeme ukikatika, ni lazima, tena iliyounganishwa kwa waya na seva ili izime kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha.

Sasa bakapu, yaani nakala za akiba. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa programu za watu, alifuta data za hifadhidata kwenye seva ambayo siyo. Njia za bakapu zilikuwepo kadhaa. Moja ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo la programu halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowasaidia ni nakala ya muda wa saa sita kabla ya tukio, ambayo mtu aliichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine.

Kwa hiyo bakapu isiyowahi kurejeshwa siihesabu. Kila mwezi chagua faili moja, lirejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa, umwite mwenye nalo alifungue mwenyewe, maana wewe hutajua kama kurasa za Februari hazipo. Nakala moja ikae nje ya jengo, na moja isiwe imechomekwa kwenye mtandao muda wote. Bajeti ikitosha diski moja tu ya ziada, na bakapu hamna, usiiongeze kwenye RAID. Nunua ya nje, ikishanakili ichomolewe.