Spika mbili, muziki mwingi: amplifaya au risiva?

Ndugu, nimekuelewa: una spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), muziki ni kila siku, filamu ni za wikendi tu, na dukani wanakusukumia risiva ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi. Mimi ningechukua amplifaya ya stirio, yaani kikuza sauti cha spika mbili tu. Risiva ina redio, matundu ya HDMI (ya kuunganisha TV) na chaneli za ziada, yaani njia za sauti za spika nyingine, lakini pesa yako inagawanyika humo kote na wewe utatumia chaneli mbili. Wati za kwenye boksi zisikubabaishe. Mara nyingi hazikupimwa chaneli zote zikifanya kazi pamoja. Kama kweli utaongeza spika za nyuma karibuni, hapo chukua risiva.

Ukinunua mtumba, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kabla hujalipa. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230, unaiunguza. Fundi umeme akupimie transfoma ya kuushusha. Kifuniko usifungue mwenyewe: kapasita, vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, zinashika umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Wakati wa kufunga, waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza waya za spika moja, besi inapotea.