Jibu: Makala zangu zisomeke vizuri kwenye Kindle

Mkuu, umeuliza kwa nini makala zako ulizozigeuza PDF zinasomeka kwa tabu kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu. Tatizo ni PDF yenyewe: ukurasa wake umeganda, ukikuza herufi mstari unatoka nje ya kioo badala ya kujipanga upya. Unachohitaji ni EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kidijitali, ambayo kwa ndani ni faili za HTML (lugha ya kurasa za wavuti) zilizofungwa pamoja kwenye zip.

Pakua Calibre, programu ya kutengeneza EPUB, ni ya bure. Ila kabla hujaigusa, safisha maandishi. Kazi kubwa iko hapo. Kitabu changu cha kwanza kilitoka na "bofya hapa" kila baada ya kurasa mbili, aibu tupu! Ondoa pia "wiki iliyopita niliwaambia", maana msomaji wa kitabu atajiuliza wiki ipi. Kila kichwa cha makala kiwe h1 (alama ya HTML ya kichwa kikuu), halafu kwenye mipangilio ya yaliyomo ndani ya Calibre, ngazi ya kwanza, andika //h:h1. Bila hivyo orodha ya sura inaweza kutoka tupu.

Ukimaliza, tuma EPUB kupitia Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili kwenye Kindle. Imekuwa ikiipokea tangu 2022. MOBI, aina ya zamani ya faili za Kindle, achana nayo.