Maswali ya Wasomaji: Gitaa Moja Ndani ya Bendi

Barua za wapiga gitaa zimeongezeka katika safu hii, na tumechagua nne zinazohusu kazi ya jukwaani. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu malalamiko yake yamejirudia katika barua nyingine nyingi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga gitaa la solo katika bendi ya watu watano. Nikiwa chumbani gitaa langu linalia vizuri, lakini tukipanda jukwaani silisikii kabisa. Nikiongeza sauti, wenzangu wananung'unika na watazamaji wa mstari wa mbele wanaziba masikio. Rafiki yangu ameniambia ninunue amplifaya yenye wati mara mbili ya hii niliyo nayo. Je, nimsikilize?
Mcharazaji Asiyesikika

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zako zibaki mfukoni kwanza. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo ndani ya kelele za ukumbi ni wachache watakaoitambua. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke takriban mara 10. Isitoshe, nguvu unayo tayari, kwani wapo watu wanaoziba masikio kwa ajili yako.

Kosa lilianzia chumbani. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sauti inapokuwa ya chini, sikio la binadamu huzipokea kwa uhafifu zile zilizo nzito, na kwa kiasi fulani zile zilizo nyembamba sana, kuliko zile za kati. Ndiyo maana mtu anayefanya mazoezi usiku kwa sauti ndogo huongeza besi na trebo, akapunguza sauti za kati, hadi masikio yake yaridhike. Mpango huohuo ukipelekwa jukwaani na amplifaya ikafunguliwa, besi huvimba na trebo huchoma. Tena uzi mnene wa gitaa ukiachwa wazi hutoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 82 hivi, na ule wa gitaa la besi hutoa 41, kwa hiyo ile besi unayoipamba imeingia katika himaya ya mpiga besi na ngoma ya mguu, ambao watakumeza bila hata kukusudia. Huku juu nako matoazi ya dramu yanakusubiri. Mahali palipobaki wazi kwa ajili yako ni katikati, na hapo ndipo ulipojipunguza kwa mkono wako mwenyewe.

Panga upya sauti yako siku ya mazoezi, bendi nzima ikiwa inapiga: punguza besi kuliko moyo wako unavyotaka, kisha pandisha za kati. Sauti utakayoipata, ukiisikiliza peke yake, pengine itakukera kama ya mtu anayesemea puani, lakini ndani ya bendi itapenya.

Lipo pia suala la mahali unapoiweka amplifaya. Spika ya inchi 12, ambayo ndiyo ya kawaida kwa gitaa, hutupa sauti nyembamba mbele yake moja kwa moja kama mwanga wa tochi, wakati zile nzito husambaa kila upande. Ikiwa imekaa sakafuni nyuma yako, miguu yako ndiyo inayoisikia vizuri, nawe unaongeza trebo ambayo inakupita magotini na kumfikia usoni yule aliyeketi mbele. Mimi mwenyewe sikuamini jambo hili hadi nilipomwachia mwenzangu gitaa, nikaenda kuketi mbele ya amplifaya yangu. Ipandishe juu ya kiti imara au iinamishe kwa nyuma ili ikutazame kichwani, na utaipunguza kwa hiari yako.

Hayo ya mitambo yakishatengemaa, litabaki moja ambalo hakuna kitufe cha kulirekebisha. Ikiwa bendi yenu ina magitaa mawili, na nyote mnapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zilezile mahali palepale pa shingo ya gitaa, watu watasikia gitaa moja lisiloeleweka. Mmoja akipiga chini, mwingine apande juu. Mmoja akijaza, mwingine aachie nafasi. Mwimbaji anapokuwa katikati ya ubeti, solo isubiri. Wapo wapiga gitaa wengi hodari ambao vidole vyao havijawahi kufundishwa kunyamaza, na nadhani hao ndio wanaonunua amplifaya kubwa kuliko wote.

SWALI: Kila onyesho lazima uzi ukatike au gitaa litoke kwenye tyuni, ingawa huwa ninafunga nyuzi mpya muda mfupi kabla ya kuanza. Ninakosea wapi?
Mpiga Rithimu

JIBU: Umekosea hapohapo kwenye muda. Uzi mpya huendelea kunyooka, kwa hiyo ufunge siku moja kabla, uuvute kwa vidole mara kadhaa na kuutyuni tena kila mara hadi utulie. Joto la taa za jukwaani nalo huutanua uzi wa chuma na kuishusha sauti yake. Litoe gitaa katika mfuko mapema lizoee hewa ya ukumbi, kisha tyuni. Kama mna kinanda cha umeme, wote mkifuate hicho, kwa kuwa kwa kawaida hutoka kiwandani noti ya A ikiwa hezi 440.

Kuhusu kukatika, tazama mahali. Uzi unaokatika kila mara palepale kwenye daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya mwili wa gitaa, umekutana na ncha kali ya chuma, na fundi anaweza kuilainisha kwa dakika chache.

SWALI: Baada ya onyesho masikio yangu hulia hadi kesho yake asubuhi. Wenzangu wanasema nitazoea.
Mwenye Wasiwasi

JIBU: Usizoee. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hugawanywa kwa mbili. Ukifika desibeli 100, ambazo jukwaani si ajabu, zimebaki dakika 15. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti hazioti tena zikifa. Tafuta vizibo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, kwani vile vya sifongo huondoa zaidi zile nyembamba na kukufanya uongeze trebo bila kujua. Sogea mbali na matoazi. Na umwone daktari wa masikio wiki hii, kabla ya onyesho linalofuata.

SWALI: Gari linalobeba vyombo ni langu na spika za waimbaji ni zangu, lakini malipo tunagawana sawa kwa sawa. Nikilisema hili naonekana mchoyo.
Dereva na Mpiga Gitaa

JIBU: Unaonekana mchoyo kwa sababu unalisema baada ya onyesho, watu wakiwa wamechoka na fedha ziko mezani. Lilete siku ya mazoezi. Pendekeza kwamba mafuta ya gari yatolewe kwanza katika malipo, kisha kinachobaki kigawanywe kwa mafungu: kila mwanamuziki fungu moja, na vyombo vya pamoja fungu moja, ambalo litakwenda kwa mwenye navyo na litatumika pia kuvitengeneza vikiharibika. Makubaliano yaandikwe kwenye karatasi moja, na kila mwanabendi aipige picha kwa simu yake kabla hamjaondoka.