Kabla Hujamshutumu Mtu kwa Ndoto Uliyoiota

Jumatatu iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, mwanamke kijana aliyeolewa mwaka jana hapa hapa Pemba. Ananieleza kwamba ameota mara tatu nyoka mweusi amejikunja juu ya kanga zilizowekwa mwishoni mwa kitanda chake, na kila anapotaka kumfukuza, wifi yake huingia chumbani akamkataza asimguse. Ameshakwenda kwa mtu anayeagua ndoto, naye amemwambia kuwa nyoka ni adui wa ndani ya nyumba, na kwamba yeye ameshaonyeshwa uso wa adui huyo. Aliloniuliza mimi ni moja tu: amwambie mumewe, au amkabili wifi yake yeye mwenyewe?

Ujumbe ule ulinikuta ukumbini napepeta mchele. Niliuweka ungo chini, kwa sababu swali hilo nililijibu vibaya miaka kadhaa iliyopita, na jibu langu lilinigharimu mwaka mmoja na miezi minne ya kutosemezana na dada yangu wa tumbo moja.

Msimu wa karafuu wa mwaka 2015 nilikodi mikarafuu 18 si mbali na kwetu Wete. Wenyeji wa Pemba wanajua maana ya kukodi: unamlipa mwenye shamba fedha yake mapema, kisha kitakachotoka mtini ni chako, kiwe kingi au kichache. Fedha sikuwa nayo. Dada alivua bangili zake mbili za dhahabu, akanipa nikaziweke rehani, na sharti alilolitoa lilikuwa moja, kwamba nizikomboe kabla ya arusi ya binti yake. Mikarafuu ile haikuzaa kama ilivyoahidi. Nilichochuma hakikufika nusu ya nilichokitarajia, wachumaji wakalipwa haki yao, na bangili zikabaki kule kule nilikoziweka. Dada hakuniuliza, nami sikusema.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 ndoto ikaanza. Niko uwani kwa marehemu mama. Jamvi limetandazwa, limejaa karafuu zilizoanza kugeuka rangi ya kahawia, na harufu yake naisikia mpaka kooni. Wingu jeusi linapanda kutoka upande wa bahari. Nainama nilikunje jamvi kwa haraka, kwani karafuu zikinyeshewa mvua huvunda, zikapoteza rangi na bei, lakini kila ninapolikunja upande huu hurefuka upande wa pili. Dada amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani, ananitazama. Simwiti, naye haji. Hapo ndipo ninapozinduka, moyo unanienda mbio na mto umelowa jasho.

Ilipokuja mara ya nne nilikwenda kwa mtabiri. Simtaji jina wala mtaa wake. Alinisikiliza kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa, kisha akasema kwamba anayeitazama mali yako ikiharibika bila ya kukusaidia ndiye aliyeifunga riziki yako. Nilitoka pale nimepata nafuu, na nafuu ile ndiyo inayoniumiza hadi leo kuliko mengine yote, kwa sababu naijua asili yake. Kwa neno moja la mtu ambaye hakuwa akimjua dada yangu, deni langu lilikuwa limegeuka kuwa kosa lake yeye. Tangu siku ile nikawa nikimwona njiani napita upande wa pili. Aliponiletea chakula cha futari mwezi wa Ramadhani nilimrudishia vyombo kwa mkono wa mtoto. Arusi ya binti yake, mtoto niliyemwogesha mimi alipozaliwa, sikuhudhuria. Picha za siku ile zimetundikwa ukumbini kwa dada, mama wadogo wote wamo isipokuwa mimi, na kila nikenda kumzuru hukaa kiti kinachozipa mgongo.

Kilichonitoa humo kilikuwa daftari. Mwaka 2017 binti yangu alibakisha kurasa tupu katika daftari lake la skuli, nikaona ni hasara kulitupa, nikaanza kuandika ndoto zangu humo. Leo ninayo madaftari manne, na nasema kwa fahari kwamba hakuna kitu nilichokifanya kwa uthabiti zaidi katika maisha yangu. Niliandika kila alfajiri kabla ya kunyanyuka kitandani, kabla ya kuishika simu, kwa kuwa niligundua mapema kwamba nikishasema neno na mtu, hata la salamu, ndoto huyeyuka. Baadaye nikasoma sababu ya alfajiri kuwa na ndoto ndefu. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho huenda mbio chini ya kope, na ubongo hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Kipindi hicho, ambacho ndicho chenye ndoto zilizo dhahiri zaidi, hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na kila kinaporudi huwa kirefu zaidi, hata cha mwisho kikaangukia karibu na wakati wa kuamka.

Andika kwa mwandiko utakaosomeka. Mwanasayansi Otto Loewi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1936, alisimulia kwamba aliota usiku namna ya kulifanya jaribio alilokuwa akilitafuta juu ya moyo wa chura, akaandika maneno machache kwenye karatasi, na kulipopambazuka hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Ndoto ikamrudia usiku wa pili, na mara hiyo aliondoka kitandani akaenda moja kwa moja kwenye maabara yake. Kwa jaribio lile alithibitisha kwamba mshipa wa fahamu huupelekea moyo habari kwa njia ya kemikali. Naomba msomaji azingatie kwamba mtu yule alikuwa akilifikiria suala hilo kwa miaka mingi akiwa macho. Ndoto ilifanya kazi juu ya alichokwisha kukibeba.

Nami nilikuwa nimebeba. Katika muda wa miezi mitatu ndoto ya jamvi ilinijia mara tisa, na kwa kuwa pembeni mwa kila ndoto nilikuwa nikiandika mambo ya mchana uliotangulia, siku moja nilikaa nikazisoma zote kwa pamoja. Nilitarajia kukuta mvua, au mazungumzo ya karafuu. Mara saba kati ya tisa, mchana wake nilikuwa nimepita karibu na nyumba ya dada, au nimesikia watu wakizungumza bei ya dhahabu. Nililifunga daftari nikalia, na sikuhitaji mtabiri wa kunifasiria chochote.

Nilianza kushona kofia za viua kwa kuuza, usiku na mchana, mpaka vidole vikaota sugu, na ilipofika katikati ya mwaka ule nikaweza kuikomboa bangili moja. Niliifunga katika leso nikaenda nayo kwa dada baada ya sala ya alasiri. Alifungua mlango, akanitazama, akanikaribisha bila ya neno. Nikamwekea bangili mkononi, nikamwomba radhi, kisha nikamsimulia ndoto yote tangu mwanzo, pamoja na yeye kusimama mlangoni mikono kifuani.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Mlango ule naukumbuka, mdogo wangu. Ile siku ilikuwa kweli. Mvua ilitukuta karafuu ziko nje, mama na wewe mnahangaika na jamvi, na mimi mama alinipa mdogo wetu wa kiume nimshike, ana siku nane tangu kuzaliwa, akanikataza nisitoke naye mvuani. Mikono sikuikunja. Nilikuwa nimempakata mtoto."

Mimi wakati huo nilikuwa na umri wa miaka sita. Niliiona mikono, mtoto aliyekuwamo ndani ya kanga sikumwona, na picha hiyo nusu niliihifadhi kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka hatia yangu ilipoitafutia kazi.

Ndugu zangu, ndoto huokota vitu vya zamani ikavishona na wasiwasi wa jana. Uso utakaouona humo umetoka katika kumbukumbu yako wewe, na kumbukumbu hukosea. Vipi basi uufanye ushahidi wa kumhukumu mwenzako? Mahakama ya Kadhi haipokei ushahidi wa ndoto. Kwa nini moyo wako uupokee?

Wapo watakaoniambia kwamba naidharau dini. Sivyo, na dini ndiyo iliyonifundisha adabu ya jambo hili, ingawa nilichelewa kuisikiliza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu anaizungumzia nafsi yake. Aliyeota baya ameelekezwa ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageuze ubavu, wala asimsimulie mtu. Mimi niliisimulia ndoto yangu kwa mtu wa kwanza aliyekuwa tayari kuisikiliza. Katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaqub alimwonya mwanawe asiwasimulie ndugu zake ndoto ya nyota kumi na moja, jua na mwezi. Na katika sura hiyo hiyo mfalme alipoota ng'ombe saba wanono wanaliwa na saba waliokonda, tazama ni tafsiri ya namna gani Nabii Yusuf aliyoitoa: limeni miaka saba mfululizo, na mtakachokivuna kiacheni katika mashuke yake isipokuwa kidogo mtakachokula. Aliwapa watu kazi ya kufanya. Hakumtaja adui, hakumtaja mchawi, wala hakumnyooshea mtu kidole, na nchi ikaokoka na njaa. Mimi sasa hupima kila tafsiri ninayoletewa kwa kipimo hicho, kwamba ikiwa inanipa wajibu naitafakari, na ikiwa inanipa mtu wa kumchukia naiacha pale pale.

Vijitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin navyo vitumiwe kwa tahadhari. Mwanachuoni huyo wa Basra alifariki mwaka 110 Hijria, na wataalamu wengi wanaona kwamba vitabu hivyo vilitungwa na watu waliokuja baada yake. Lakini iko simulizi moja mashuhuri juu yake inayonipendeza, kwamba watu wawili walimjia, kila mmoja ameota anaadhini, akamwambia mmoja kuwa atahiji na mwingine kuwa ni mwizi, kwa vile aliwatazama watu wenyewe kabla ya kuitazama ndoto. Kwetu tunafanya kinyume chake. Jino likitoka ndotoni ni msiba, arusi ni msiba, kinyesi ni fedha, nyoka ni adui, kana kwamba mvuvi wa Kojani na mwalimu wa Chake Chake wanaota kwa kamusi moja.

Liko pia jambo la jinamizi, na hapa nasema kwa ufupi. Katika kile kipindi cha ndoto misuli ya mwili hulegea ili tusiyatende tunayoyaota, na ikitokea ubongo ukaamka kabla ya mwili, mtu hujiona amebanwa kifuani, hawezi kupiga kelele, na huhisi kuna kiumbe chumbani. Wanaokumbuka mwaka 1995 hapa Pemba, wakati wa taharuki ya Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwavamia watu usiku wamelala, watu walipotoka majumbani wakalala nje kwa makundi, wanajua hofu ya usiku inavyoweza kuupitia mji mzima kwa siku chache. Sikanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Nasema tu kwamba mwili nao una mambo yake, na aliyebanwa na jinamizi baada ya siku nyingi za kukosa usingizi aanze kwa kulala vizuri kabla ya kumtafuta aliyemtuma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, nao ni mchache. Andika ndoto yako alfajiri, na uandike pia ya mchana uliotangulia. Subiri, usimsimulie mtu kwa haraka. Ndoto ikirudi, jiulize kwanza unaficha nini, unadaiwa nini, ni njia gani unaikwepa kupita. Andika tena, subiri tena. Na ikiwa ndoto inakurudisha usiku baada ya usiku kwenye ajali au madhila uliyopata kweli, mpaka unaogopa kulala, nenda hospitali ukaonane na daktari wa afya ya akili, kwani huo ni mzigo ambao daftari peke yake haliwezi kuutua.

Bangili ya pili niliikomboa mwaka uliofuata. Ndoto ya jamvi haijanirudia.

Yule mwanamke kijana nilimjibu usiku ule ule. Nilimwomba asimwambie mumewe lolote wala asimkabili wifi yake kwa siku kumi, na awe anaandika. Kisha nikamuuliza swali moja ambalo mtabiri wake hakumuuliza, kwamba kanga zile alizolalia nyoka, zilizokunjwa mwishoni mwa kitanda, ni za nani. Naona ujumbe wangu ameusoma. Hajanijibu bado.